Ngozi Yetu na Barabara ya Minova

Pita Birere mchana, utaona maduka ya vipodozi yamebanana kuliko vibanda vya maharagwe. Kuna losheni kutoka Ulaya, sabuni kutoka Dubai, na makopo ya mafuta yenye picha ya karoti ambayo muuzaji mwenyewe hapendi kuulizwa yamevukaje mpaka. Yaya anayeuza atakutazama usoni kabla hujafungua mdomo, kisha atakutajia kasoro zako moja baada ya nyingine: ngozi imefifia, mashavu yamekauka, pembe za mdomo zimepasuka. Macho yake ni makali na mara nyingi anasema kweli. Halafu anainua mkono rafuni. Katika maduka hayo nimesikia maswali mengi kuhusu sabuni na jua, lakini sijasikia mteja akiulizwa jana alikula nini.

Hoja yangu ni kwamba swali hilo lilipaswa kutangulia. Hapa Goma sehemu kubwa ya tunachokiita ugonjwa wa ngozi huanzia sufuriani, na kinachoingia sufuriani huamuliwa na mambo ambayo losheni haiyagusi: barabara iliyofungwa, bei ya siku hiyo, na desturi ya nyumbani kuhusu nani apakuliwe kwanza.

Ngozi haikai vilevile. Tabaka lake la juu hujifanya upya kwa takriban mwezi mmoja, chembe changa zikipanda kutoka chini na zilizochakaa zikipukutika. Kazi hiyo inataka malighafi kila siku: protini, mafuta, madini ya zinki na chuma, vitamini A, vitamini C na zile za kundi la B. Chakula kikipungua, mwili hugawa kidogo ulichonacho kwa upendeleo. Moyo na ubongo hupewa kwanza, ngozi na nywele hungoja. Ndiyo sababu muuguzi mzoefu humtazama mtoto nywele, mdomo na miguu kabla hajashika kipimo chochote.

Watu wa Kivu wanalijua hili kwa uchungu. Upande wa Bushi, utapiamlo wa kwashakoo huitwa bwaki, na Bukavu kuna hata shirika la siku nyingi linaloitwa Comité Anti-Bwaki. Mtoto mwenye bwaki huvimba miguu na uso. Nywele zake hugeuka nyekundunyekundu, hunyooka, na ukizivuta kidogo zinatoka. Ngozi ya mapaja, matako na viwiko huota mabaka meusi, kisha mabaka hayo hubanduka kama rangi ya ukuta wa zamani, yakiacha nyama laini inayouma na kuchuruzika maji. Hapo vidudu huingia bila kubisha hodi. Na kwa kuwa mashavu yamejaa, jirani hupita akasema mtoto amenona. Mama naye, akiona ngozi inabanduka, hutafuta kitu cha kupaka. Nani atamlaumu? Mji mzima umemfundisha kwamba ngozi ni jambo la kupaka.

Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyefanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, aliueleza ugonjwa huu kwa kalamu mwaka 1933, na mwaka 1935 akaandika tena katika jarida la The Lancet. Wakubwa wa taaluma walimbishia wakisema hiyo ni pelagra tu, kwa kuwa pelagra nayo hubabua ngozi. Yeye alishikilia alichokiona: mtoto aliyeachishwa ziwa na kupewa uji mtupu wa mahindi. Miaka michache baadaye mjadala huo ulihamia kwetu. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti ya IRSAC, wakaweka makao yake Lwiro, juu ya vilima vya Kivu ya Kusini, mahali ambapo leo pana kituo cha CRSN. Katika miaka ya 1950 watafiti kama Edouard De Maeyer waliwahudumia watoto wenye kwashakoo pale na kupima kama protini ya mimea inaweza kushika nafasi ya ile ya maziwa. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba uhusiano wa chakula na ngozi ni elimu ya mitandao ya simu. Sehemu ya elimu hiyo ilichimbwa hapahapa, juu ya miili ya watoto wa Kivu, na ni aibu kwamba leo tunaifahamu kidogo kuliko jina la losheni mpya.

Lakini nisirahisishe mno. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwashakoo ni upungufu wa protini basi, na dunia ikatumia fedha nyingi kutengeneza unga wa protini. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika The Lancet makala kali akiita jambo lote hilo fedheha. Mwaka 2013 watafiti waliofuatilia mapacha nchini Malawi walionyesha kwamba pacha mmoja anaweza kupata kwashakoo na mwenzake akabaki salama, nyumba ni ileile, chungu ni kilekile. Tofauti ilihusiana na vijidudu vya tumboni. Yaani njaa ina wasaidizi. Mtoto anayeharisha kila juma kwa sababu ya maji machafu hupoteza hata kile kidogo alichokula. Anayeishi Majengo au Ndosho, anayesubiri maji ya kununua kwa bidoni huku ziwa zima liko mbele ya macho yake, hahitaji maelezo marefu hapo.

Sasa tuje kwenye barabara. Goma haijilishi. Mji umekaa juu ya mawe meusi ya Nyiragongo, mlima uliomwaga moto katikati ya mji Januari 2002 na kulipuka tena Mei 2021, na juu ya mawe hayo huwezi kulima cha kushibisha jiji. Karoti, kabichi na viazi huteremka kutoka Kibumba. Maziwa na jibini huja kutoka Masisi. Maharagwe na mahindi huja kutoka Rutshuru. Ndizi, mihogo, mboga na samaki wadogo wa sambaza huja kwa wingi kutoka Minova na vijiji vya kando ya ziwa. Kila mahali nilipopataja pamepigwa vita. Mstari wa mapigano ulikaa karibu na Kibumba tangu mwishoni mwa 2022. Februari 2024 mapigano yalifika Shasha, njia ya kwenda Minova ikakatika, na lori lililozoea kuingia mjini kwa saa chache likawa haliingii kabisa. Chakula kikahamia majini. Boti zikajaa watu na magunia hadi ukingoni, na tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya Merdi, ikitoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiwa ufukweni wanatazama. Miongoni mwa waliozama walikuwamo watu waliokuwa njiani kutuletea mboga, au wakija kuuza walichovuna. Msiba ule ulisemwa sana kama habari ya usalama wa vyombo vya majini, na ilikuwa hivyo kweli. Kwangu mimi ilikuwa pia habari ya lishe, maana ilionyesha mchicha wetu wa lenga-lenga unatufikia kwa gharama gani.

Mwishoni mwa Januari 2025 mji wenyewe uliangukia mikononi mwa waasi wa M23. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafunga milango, mishahara ya wengi ikakwama. Februari mwaka huohuo kambi za wakimbizi wa ndani zilizouzunguka mji, Bulengo, Lushagala na nyingine, zikavunjwa, na watu wakarudi kwenye mashamba ambayo mengi yalikuwa hayajalimwa. Machi 2025 mashirika ya FAO na WFP yalitangaza kwamba takriban watu milioni 28 nchini Kongo wanakabiliwa na njaa kali. Idadi kubwa namna hiyo husomwa kisha ikasahaulika. Ukitaka kuiona, tazama nywele za watoto wanaocheza mtaani kwako, rangi yake, na magaga ya visigino vyao.

Tumbo lililojaa pia hudanganya. Kwa siku ngumu, familia nyingi hula bugali wa mihogo na kitoweo chepesi, wakashiba, wakalala. Unga wa mihogo una nguvu ya kutosha kumsukuma mtu na toroli au chukudu siku nzima, lakini protini yake ni haba mno. Hapa nakumbuka jambo lililotokea Malawi mwaka 1990 miongoni mwa wakimbizi kutoka Msumbiji. Walikuwa wakipewa mahindi na karanga. Karanga zilipokosekana kwenye mgao, yakabaki mahindi na vichache vingine, na katika miezi michache watu zaidi ya 18,000 wakaugua pelagra: ngozi ya shingo, mikono na miguu ikawa nyeusi, ikapasuka na kubanduka kila palipopigwa na jua. Walikuwa na chakula. Walichokosa ni niasini, vitamini ya kundi la B ambayo karanga zilikuwa zimewapa kimyakimya bila mtu kuzishukuru. Mmarekani Joseph Goldberger alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1915, kwa wafungwa wa Mississippi, kwamba pelagra huja na chakula duni wala haiambukizi. Miaka 75 baadaye msomi anayepanga mgao bado alihesabu kilo akasahau rangi ya sahani. Kwa hiyo nawaomba wanaogawa unga na mafuta katika maeneo yetu: ongezeni maharagwe, ongezeni karanga, na msiviondoe kwanza bajeti inapopungua.

Idjwi ina kisa chake. Katika miaka ya 1960 watafiti, miongoni mwao Mbelgiji François Delange, walikuta katika kisiwa hicho watu wengi wenye uvimbe wa tezi shingoni, na watoto ambao tezi zao zilishindwa kazi: wafupi, wazito wa akili, wenye ngozi kavu na nene iliyovimba. Sababu ya kwanza ilikuwa upungufu wa madini joto, maana ardhi na maji ya huku ndani ya bara yana madini hayo kidogo sana. Sababu ya pili ilikuwa mihogo isiyoandaliwa vizuri, ambayo sumu yake, ikisagwa na mwili, huzuia tezi kuchukua hata hayo madini machache. Dawa ikawa chumvi yenye madini joto, kitu kidogo kuliko vyote jikoni. Chumvi ya kupimwa wazi sokoni kwa kijiko, isiyojulikana ilikotoka, haina dhamana hiyo. Nunua iliyofungwa, yenye maandishi. Na mihogo iloweke siku zake zote. Njaa ikishika watu hufupisha siku za kuloweka, na kufupisha huko kuna gharama.

Basi tule nini, nasi hatuna fedha? Nikisema lishe bora, msomaji anaweza kudhani namwambia anunue samaki wa kuagizwa na matunda ya hoteli. Sivyo. Vyakula vinavyotengeneza ngozi viko hapa, na baadhi yake vilikuwa chakula cha maskini kabla havijapandishwa bei na vita.

Sambaza kwanza. Ziwa Kivu, kwa historia yake ya volkano, lilikuwa na samaki wachache wa aina chache, hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 sambaza walipoletwa kutoka Ziwa Tanganyika na kupandikizwa humu. Chakula tunachokiona cha asili kabisa cha Goma kina umri wa mzee wa miaka sitini na kitu! Wavuvi huwafuata usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa mavuno hupungua na bei hupanda. Mama wa Kituku wanaijua kalenda ya mwezi kuliko sisi wenye kalenda za ukutani. Sambaza huliwa mzima, kichwa, mifupa na tumbo, na ndiyo faida yake: protini, mafuta mazuri, zinki na kalsiamu kwa pamoja. Ngozi iliyojeruhiwa haifungi vizuri bila zinki. Wakavu wakisagwa unga, kijiko kimoja kwenye uji wa mtoto hubadilisha uji ule kabisa. Nimeona mama wengi wakifanya hivyo Mugunga, hawakungoja semina.

Kisha mawese. Rangi ile nyekundu ndiyo karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na bila vitamini A ngozi hukauka ikaota vipele vigumu kama vya kuku aliyenyonyolewa, mbali na macho kupofuka usiku. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunapenda kuyachoma mawese hadi yawe meupe, moshi ukijaa nyumba, ndipo tukaange. Rangi ikiondoka, vitamini nayo imeondoka. Yatieni kwenye sombe, yaani majani ya mihogo, yakiwa mekundu. Sombe yenyewe, ikitwangwa na kuchemshwa vya kutosha, ina protini nyingi kuliko muhogo wake. Lenga-lenga ina chuma na karotini, na mafuta kidogo juu yake husaidia mwili kuzipokea. Mboga iliyochemshwa kwa maji matupu hupoteza nusu ya maana yake. Maharagwe tunayajua. Avokado, zinazojaa sokoni hadi zikaoza, ni mafuta mazuri kwa bei ambayo losheni haitaifikia kamwe. Mapera na malimau yana vitamini C, na bila hiyo ufizi huvuja damu na vidonda hukawia kupona. Jibini ya Masisi ni bora, ila siku hizi imekuwa ya wenye dola.

Sasa niseme lile linaloudhi. Katika nyumba nyingi, samaki ni wa papa, yaani baba. Mama hubaki na mkia, watoto hupewa mchuzi na kuambiwa mchuzi ndio wenye ladha. Heshima kwa baba ni jambo jema na sina nia ya kuivunja. Lakini mtu mzima ameshamaliza kujenga mwili, anautunza tu; mtoto wa miaka miwili anajenga ngozi, mifupa na ubongo kwa mpigo, na mama anayenyonyesha anajenga miili miwili. Papa anayechukua sambaza zote kisha akatoa fedha ya pomada ya mtoto amelipa mara mbili kwa jambo moja, na hajalitatua. Ndugu zangu wanaume, tusimamie heshima yetu kwa njia nyingine. Anayepakua aanze na mdogo kuliko wote.

Vijana nao wana kilio chao, na si cha kudharau: chunusi. Nyumbani huambiwa ni karanga, ni avokado, ni pilipili, ni damu chafu. Karanga imesingiziwa mengi. Ushahidi uliopo unaelekeza kidole kwingine: kwenye sukari na vyakula vinavyogeuka sukari upesi. Mwaka 2002 kundi la watafiti wakiongozwa na Loren Cordain liliandika kuhusu wenyeji wa kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, na Waaché wa Paraguay, wanaoishi kwa viazi, mizizi, samaki, matunda na mawindo. Miongoni mwa watu wapatao 1,200 waliochunguzwa Kitava hawakukuta mwenye chunusi hata mmoja. Mwaka 2007 jaribio la Australia lilionyesha vijana waliopunguziwa vyakula vya sukari ya haraka wakipata nafuu. Sasa tazama kifungua kinywa cha mwanafunzi wa Himbi mwenye fedha kidogo: mkate mweupe, chai yenye sukari nyingi, na saa nne chupa ya sukre, yaani soda, na mandazi. Babu yake alikunywa maziwa na kula viazi vitamu. Maziwa, lazima niseme, baadhi ya tafiti zimeyahusisha na chunusi kwa vijana wengine, lakini katika mkoa wenye bwaki nitakuwa wa mwisho kumnyima mtoto maziwa kwa ajili ya vipele. Chunusi pia ni homoni na urithi. Yuko anayekula vizuri na bado anazo. Asitukanwe kwamba ni mchafu.

Kuna vitu lishe haiviponyi, na anayekudanganya kuhusu hivyo ni mfanyabiashara. Upele unaowasha usiku na kuenea kwa nyumba nzima ni wa kimelea; unatibiwa kwa dawa ya kupaka watu wote na kufua matandiko. Mpox, iliyoingia hadi kambi za Goma mwaka 2024, mwaka ambao Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura tarehe 14 Agosti, ni virusi. Juisi ya mboga haitaizuia. Lakini wapo sasa wanaopita nyumba kwa nyumba na vidonge vya kuongeza lishe, poda za kolajeni na chupa za kusafisha damu, wakiwa na picha za uso kabla na baada. Kwa mtu anayekula maharagwe na sambaza, vidonge hivyo vingi ni mkojo wa bei ghali. Vingine vina hatari: vitamini A ya vidonge ikizidi hubandua ngozi ileile uliyotaka kuipamba na huweza kudhuru mimba. Karotini ya mboga haina madhara hayo. Ukizidisha karoti, viganja vyako vitakuwa vya manjano kwa muda, basi.

Na hapo tunarudi kwenye yale makopo yenye picha ya karoti. Mengi ya mafuta ya kung'arisha yanayouzwa Afrika ya Mashariki na Kati yamekutwa na haidrokwinoni, zebaki, au dawa kali za steroidi ambazo zilitakiwa kuandikwa na daktari kwa siku chache tu. Steroidi huipunguza ngozi unene hadi mishipa ikaonekana na jeraha dogo likawa kubwa. Haidrokwinoni ya miaka mingi huacha mabaka ya kijivu yasiyotoka. Zebaki huingia figoni, na mama humpa mtoto tumboni. Haya yote katika mji ulio mita 1,500 juu ya bahari, karibu na ikweta, ambako jua ni kali na rangi nyeusi ya ngozi ndiyo mwavuli tuliopewa bure. Majirani zetu wa Rwanda waliamua kupiga marufuku mafuta hayo na tangu mwishoni mwa 2018 wakaanza kuyakusanya madukani. Kwetu, kwa vurugu za sasa, hata kujua nani ana mamlaka ya kukagua duka ni swali la siasa. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni mnunuzi mwenyewe. Karoti halisi ya Kibumba iko sokoni Virunga, na haijawahi kumharibu mtu figo.

Najua nitajibiwa kwamba dada anayenunua mafuta hayo anatafuta pia ajira, mume, au heshima ofisini, na kwamba si haki kumhubiria sambaza. Nakubali. Uzuri ni haja ya mtu, hata katika vita, na pengine hasa katika vita. Ninachokataa ni bei yake kutoka kwenye sahani. Fedha ya kopo moja la bei ya juu, mtu yeyote anayekwenda sokoni anaweza kuihesabu kwa maharagwe, mawese na sambaza, na akaona imelisha watu wangapi kwa siku ngapi. Mafuta ya kawaida ya kupaka baada ya kuoga, yasiyo na manukato mengi, yanatosha kuzuia ukavu wa Julai. Yaliyobaki yatoke jikoni.

Walio na bunduki, wa upande wowote, nao nawaambia: kila kizuizi cha kutoza lori la mboga kati ya Minova na Goma, kila ushuru usio na risiti juu ya gunia la maharagwe kutoka Rutshuru, huishia kwenye mwili wa mtoto. Daktari anaweza kuusoma ushuru huo kwenye mapaja yake. Chakula kipite bila kutozwa.

Kwa msomaji mwenye mtoto mdogo nyumbani, au jirani mwenye naye, nina ombi moja la jioni hii. Mtoto akiwa ametulia, bonyeza upande wa juu wa miguu yake yote miwili, si nyayoni, kwa vidole gumba, hesabu polepole hadi tatu, uachilie. Vishimo vikibaki kwenye miguu yote miwili, usipake kitu wala usingoje Jumatatu. Mpeleke kituo cha afya, hata kama mashavu yake yamejaa. Pale atapimwa mkono kwa utepe pia, na aliye kati ya miezi 6 na miaka 5 mwenye mkono chini ya sentimita 11.5 yuko hatarini hata bila uvimbe. Chakula-tiba kinachotolewa kwa watoto hao hakiuzwi. Ukidaiwa fedha, kataa, na uwaambie majirani.